Nukta Nyuma ya Neptuni – Sehemu ya 3

ILIPOISHIA WIKI ILIYOPITA: Tangu 1987, David Jewitt na Jane Luu, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, wanasaka chochote kilicho ng'ambo ya Neptuni. Wameambulia patupu. Sasa ni Agosti 30, 1992, nao wako kwenye darubini ya mita 2.2, juu ya Mauna Kea, Hawaii.

SASA ENDELEA...

Kwenye mwinuko wa mita 4,200 hewa ni haba, hata kufikiri kunachosha. Picha mbili za eneo lile lile la anga zilikuwa zikipishana kwenye skrini: ya kwanza, ya pili, ya kwanza, ya pili. Nyota zilitulia tuli. Nukta moja hafifu ikaruka kando.

Iliruka kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichoshtua. Ukiwa kwenye basi, minazi ya kando ya barabara hukupita mbio, ilhali mlima wa mbali husogea kwa kusitasita. Dunia ndiyo basi letu. Asteroidi ya jirani ingepita upesi, hii ilijikokota. Mwendo huo uliiweka mbali kuliko Neptuni, takriban mara 40 ya umbali wa Dunia na Jua.

Lakini anga lina utapeli wake. Miale ya kosmiki hugonga kamera na kuacha alama mfano wa nyota. Migongano miwili ya bahati mbaya ingetosha kuwapumbaza. Wakasubiri picha ya tatu.

Ikaja. Nukta ipo, imesogea tena, upande ule ule. Ya nne: ipo! Bahati mbaya haipangi mstari mara nne.

Vipimo vikamfikia Brian Marsden, mkokotoaji wa njia za vitu vya angani, huko Massachusetts. Septemba 14 akaitangaza nukta ile kwa jina: 1992 QB1. Ila tangazo lilikuja na mwiba. Kwa vipimo vichache vile, njia mbili ziliwezekana. Huenda ni mkazi wa huko huko gizani, mmoja wa ukoo mkubwa wa mabonge ya barafu. Au ni nyotamkia mpita njia, anayeshuka kuelekea Jua, na nyuma yake hakuna ukoo wowote.

Mkazi ana majirani. Mpita njia hana.

Machi 1993 wakarudi mlimani, wakaigeuzia darubini upande wa pili wa anga. Picha mbili zikaanza kupishana. Nyota zikatulia. Halafu, kati yake, kitu kikaruka...

ITAENDELEA WIKI IJAYO