Msomaji Mwenye Sauti

Mwishoni mwa karne ya 4, mjini Milano, Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, alimkuta Askofu Ambrosi akisoma kinywa kimefumbwa, macho tu yakipita juu ya kurasa. Jambo hilo lilimshughulisha hata akaliandika katika kitabu chake, Maungamo, akikisia kwamba labda askofu alikuwa akiitunza sauti yake. Leo tunaona kusoma ndiko huko kwa Ambrosi, na anayetamka tunamdhania bado mwanagenzi. Tunakosea.

Mshairi Mwana Kupona alipomtungia binti yake utenzi mwaka 1858, Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Alama moja ya irabu, kasra, ilibeba i na e; nyingine, dhumma, ikabeba u na o. Kwa macho tu, “pita” na “peta” hazitofautiani. Msomaji aliamua kwa mizani, kwa vina, na kwa alivyowahi kuwasikia wakubwa wake wakighani. Asiyewahi kuusikia utenzi angekwama hata kama herufi zote anazijua.

Maulidi ya Barzanji, yaliyoandikwa kwa Kiarabu, nayo husomwa mbele za watu. Wasomaji hupokezana, udi unafuka, na yakifikiwa maneno ya kuzaliwa kwa Mtume, hadhara nzima husimama. Hata asiyejua Kiarabu anajua pa kusimama. Mimi siwezi kusema huyo hana sehemu katika usomaji ule.

Huko Havana, Kuba, hapakuwa na udi. Mwaka 1865, katika kiwanda cha biri cha El Fígaro, wafanyakazi walianza kusomewa huku mikono ikisokota tumbaku, wakimlipa msomaji kwa michango yao wenyewe. Hapa ndipo mila hizi zinapoachana: kwenye Maulidi watu hukutana na maneno wanayoyajua tangu utotoni, lakini kiwandani walitaka habari za leo na riwaya wasiyoijua mwisho wake. Wengi hawakujua kusoma, lakini Dumas, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa, walimjua vizuri. Serikali ya kikoloni ilielewa uzito wa jambo hilo; mwaka uliofuata ikaupiga marufuku usomaji huo. Desturi ikarudi, ikavuka bahari hadi Florida.

Mwaka 1931 wenye viwanda vya biri vya Tampa, Florida, waliwaondoa wasomaji, wakiwatuhumu kueneza siasa kali. Wafanyakazi waligoma. Mwishowe zikawekwa redio: sauti ilikuwapo, lakini kitabu cha kusomwa kesho hawakukichagua tena wao.