Utambuzi wa hitilafu za haidroliki

Utambuzi wa hitilafu za haidroliki ni kazi ya kutafuta chanzo cha udhaifu katika mfumo wa mafuta yenye shinikizo unaoendesha ekskaveta, greda na buldoza. Huko Mafinga, mji wa wilaya ya Mufindi ulio kando ya barabara kuu ya Tanzania–Zambia, mitambo hiyo hutengeneza barabara, zikiwemo za shamba la miti la Sao Hill.

Fundi makini huanza na mafuta, si pampu. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakitoa povu, hewa inavutwa. Chembe za chuma kwenye filta huashiria pampu au mota inayolika. Asubuhi za baridi za Juni na Julai mafuta huwa mazito, hivyo mtambo hupashwa moto kabla ya kupimwa.

Mikono yote ya mtambo ikilegea, hushukiwa pampu au vali ya usalama. Ukilegea mmoja, silinda yake au vali yake. Geji ya shinikizo ndiyo huamua: ekskaveta nyingi za tani 20 hufikia takriban baa 350.

Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja, kwa kuwa mchirizi mwembamba wa mafuta hupenya ngozi.