Mwaka Mpya jangwani: Kwa nini wanaoishi kwenye magari husherehekea saa nne usiku?

Saa sita usiku ya Desemba 31 inapofika Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, katika mji wa Quartzsite, jimbo la Arizona nchini Marekani, bado ni saa nane mchana. Watu huko ndio kwanza wanapanga viti na kuandaa kuni za moto wa jioni. Saa nne usiku watakumbatiana na kutakiana heri ya mwaka mpya. Saa sita usiku ya kwao ikifika, wengi watakuwa wamelala.

Katika makala haya tunaeleza watu hao ni akina nani, kwa nini hawasubiri saa sita, na kwa nini mkusanyiko huo mdogo una uzito mkubwa kwao.

Nyumba yenye magurudumu

Wamarekani huziita RV: magari yenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji ndani yake. Mengine yana ukubwa wa basi, mengine ni trela zinazovutwa na pikapu, na mengine ni magari madogo ya mizigo yaliyowekewa godoro.

Wengi wanaokaa humo wakati wa baridi ni wastaafu kutoka Kanada na majimbo ya kaskazini mwa Marekani. Wamepewa jina la "ndege wa theluji", kwa kuwa theluji inapoanza kwao, wao huhamia kusini. Quartzsite uko kiasi cha kilomita 200 magharibi mwa Phoenix, mahali ambapo barabara kuu mbili zinakutana. Wakazi wake wa kudumu ni elfu mbili na kidogo. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, lakini mwezi Desemba mchana huwa wa kupendeza na usiku ni wa kuvaa koti.

Sababu nyingine ni gharama. Sehemu kubwa ya jangwa hilo ni ardhi ya umma inayosimamiwa na idara ya ardhi ya serikali kuu. Mwaka 1983 idara hiyo ilianzisha maeneo ya wageni wa muda mrefu. Kwa miaka mingi kibali cha msimu mzima, kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15, kilikuwa dola 180, na cha siku 14 dola 40. Eneo la La Posa, kando ya mji huo, lina zaidi ya ekari 11,000. Lina mahali pa kuteka maji, kumwaga maji machafu na kutupa taka. Umeme kila mtu hujitafutia, kwa paneli za sola au jenereta.

Kwa nini saa nne?

Jibu la kwanza ni saa za New York. Jiji hilo liko mbele ya Arizona kwa saa mbili wakati wa baridi, kwa hiyo saa sita usiku ya New York ni saa nne usiku jangwani. Wenye televisheni au redio hufuatilia shamrashamra za Times Square moja kwa moja na kuhesabu sekunde pamoja nao.

Jibu la pili ni sheria. Katika maeneo hayo ya umma, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu: jenereta huzimwa na muziki hupunguzwa. Fataki nazo haziruhusiwi. Sherehe inabaki kuwa moto, vinywaji, gitaa kama lipo, na nyota.

Jibu la tatu ni umri. Mtu wa miaka 75 aliyezoea kuamka alfajiri haoni sababu ya kukesha.

Meza ya pamoja

Kila gari huleta sahani moja na meza hujaa. Waliotoka majimbo ya kusini hupika kunde siku ya Januari 1, kwa imani kwamba huleta baraka za mwaka. Hii ni kunde ileile tunayoijua sisi. Asili yake ni Afrika, na ilifika Marekani wakati wa biashara ya watumwa.

Ukialikwa, nenda na kiti chako, sahani na kikombe. Usiegeshe gari karibu mno: kanuni inataka umbali wa futi 15 kati ya gari na gari. Na usimuulize mtu kwa nini anaishi hivyo. Atakueleza mwenyewe akitaka.

Kiti kilicho wazi

Swali hilo ni zito kwa sababu si wote waliochagua maisha haya. Mwandishi Jessica Bruder, katika kitabu chake Nomadland cha mwaka 2017, alieleza habari za wazee waliohamia kwenye magari baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008, pensheni ikiwa haitoshi kulipa kodi ya nyumba. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021.

Kwa mtu asiye na anwani ya kudumu, majirani wa jangwani ndio wanaojua kama amefika salama. Kwa hiyo mkesha wa mwaka mpya huwa pia siku ya kuhesabiana. Nani amerudi? Nani macho yake hayamruhusu tena kuendesha? Nani amefariki tangu Aprili?

Wapo waliojipanga kwa siku hiyo. Chama cha Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, kina kituo mjini Livingston, Texas, ambako wanachama wazee au wagonjwa hukaa ndani ya magari yao wenyewe huku wakisaidiwa chakula na usafiri wa kwenda kwa daktari. Lakini nafasi si ya kila mtu, na Texas ni mbali.

Ndiyo maana kabla ya jenereta kuzimwa, majirani huandikiana namba za simu. Anayeondoka kesho huaga kila gari. Na ikiwa asubuhi ya Januari 1 pazia la jirani halijafunguliwa hadi saa tatu, mtu huenda kugonga mlango.