Kubadilisha kabureta: Pampu kwanza, kompyuta baadaye

MMILIKI wa Peugeot 504 mjini Kehancha, Kaunti ya Migori, anayetaka kuondoa kabureta na kufunga mfumo wa kielektroniki wa kunyunyizia petroli, hana budi kuanza na pampu na mipira. Kabureta hutosheka na shinikizo lisilozidi paundi 7 kwa inchi ya mraba. Mifumo mingi inayofungwa mahali pake huhitaji takriban 58, karibu maradufu ya upepo wa tairi. Mpira mkuukuu ukipasuka juu ya injini, gari huteketea.

Kisha achague mfumo wenye kitambuzi cha oksijeni kwenye ekzosi, unaojirekebisha gari linapopanda kutoka Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Alteneta nayo ipimwe. Kabureta isiuzwe: kompyuta ikiharibika njiani, bisibisi haitafaa kitu.