Familia ya Uyoga Iliyosambaratishwa na DNA

Uyoga wa wino hauozi kama uyoga mwingine. Ukikomaa, kofia yake huyeyuka yenyewe na kudondoka chini ikiwa majimaji meusi. Tabia ya ajabu namna hiyo, nani angedhani imejitokeza zaidi ya mara moja duniani? Mtaalamu wa kuvu Christiaan Hendrik Persoon hakudhani. Mwaka 1797 aliiweka spishi ya aina hiyo katika jenasi ya Coprinus, na kwa karne mbili kila uyoga uliovuja wino uliingizwa humo.

Persoon mwenyewe alizaliwa Rasi ya Tumaini Jema, akapelekwa Ulaya angali kijana mdogo, asirudi tena Afrika. Alimalizia siku zake Paris akiwa fukara. Kabla yake kuvu zilikuwa watoto wa kambo wa botania: mwaka 1753 Linnaeus alizirundika pamoja na kangaga na mwani, katika kundi la mimea isiyoonyesha maua.

Aliyepanga nyumba hasa ni Msweden Elias Fries, katika Systema Mycologicum, kitabu kilichotoka kati ya mwaka 1821 na 1832. Kipimo chake kilikuwa rahisi. Kofia ya uyoga ikilazwa juu ya karatasi usiku kucha, asubuhi huacha vumbi la spora, na rangi ya vumbi hilo, iwe nyeupe, waridi, kahawia au nyeusi, ndiyo iliyoelekeza uyoga uwekwe kundi gani. Mpaka leo wasaka uyoga hutumia mbinu hiyo, na wana haki. Baadaye hadubini iliongeza maumbo ya spora na chembe zinazozizaa, lakini msingi ulibaki uleule: wanaofanana ni ndugu.

Msingi huo ulianza kutikisika mwaka 1990, Thomas White na wenzake wa Marekani walipochapisha njia ya kunakili vipande vya DNA ya kuvu kwa urahisi. Miaka michache baadaye jeni zilionyesha kwamba kuvu ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Kisha zamu ya wino ikafika. Coprinus comatus, uyoga mrefu mweupe wenye magamba, ulionekana kuwa ndugu wa uyoga wa kawaida unaouzwa madukani. Wenzake wa Coprinus karibu wote walikuwa wa ukoo mwingine kabisa. Kuyeyuka kule kumbe kulizuka zaidi ya mara moja, kila upande kivyake.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba dalili zilikuwapo muda wote. Shina la comatus lina pete, na ndani yake, palipo wazi, hupita uzi mwembamba. Watu waliviona na kuviandika, ila wino uliwapumbaza.

Mwaka 2001 Scott Redhead na wenzake waliigawa jenasi. Kwa kuwa comatus ndiyo spishi iliyobeba jina, Coprinus ilibaki nayo pamoja na jamaa zake wachache. Nyingine nyingi zilipewa majina kama Coprinopsis na Coprinellus, na familia ya Coprinaceae ikafutwa. Wapo waliopinga vikali. Kanuni za majina hazikuwasaidia.

Afrika Mashariki nayo imeonja mabishano ya aina hii. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichunguza jeni za uyoga wa Kiafrika wa jenasi ya Cantharellus, ule unaoota pamoja na mizizi ya miti ya miombo. Wakatenga baadhi yake katika jenasi mpya, Afrocantharellus, wakitaja pia mikunjo minene chini ya kofia. Mwaka 2014 kundi la watafiti la Bart Buyck, likitumia jeni nyingi zaidi, liliurudisha ndani ya Cantharellus kama tawi tu. Undugu wa uyoga huo pande zote mbili ziliukubali. Ugomvi ulihusu mahali pa kuchora mpaka wa jenasi, na hilo DNA haiamui.