Kidole Chini ya Chungu

Msafiri aingiaye Mwanza, awe amekuja kwa meli au kwa gari moshi, hulakiwa kwanza na majabali, yaliyopandana juu ya vilima hata yakashuka majini, na chini ya baadhi yake walikaa watu zamani ambazo hakuna aliyeziandika hata herufi moja. Hawakutuachia nyaraka, walituachia vigae, vipande vya mawe makali, na michoro ya rangi nyekundu ukutani. Mwaka 1969 Robert Soper na mwenzake Golden walipochapisha taarifa ya ukaguzi wao wa mkoa huu, nyuma yake ilikuwapo kazi yenye subira kubwa: kuchimba tabaka kwa tabaka, kuchekecha udongo, na kuandika kila kitu mahali kilipolala kabla hakijainuliwa, kwa maana kigae kilichookotwa ovyo hakina tena ushahidi wa kutoa.

Katika vyungu vyote vya kale vya ziwa hili mimi hukipenda kile cha Urewe, kilichoitwa kwa jina la mahali palipo Siaya, nchini Kenya, na kuelezwa mwaka 1948 na Mary Leakey, Louis Leakey na padri Owen. Ukikipindua, waona chini yake kibonyo, alama ya kidole kilichobonyeza udongo ungali mbichi. Aliyebonyeza amekufa zaidi ya miaka elfu moja, na kidole chako chaingia pale pale.

Vitabu vya shule vya enzi ya ukoloni vilisimulia kana kwamba habari za ziwa hili zilianza Agosti 1858, msafiri Mwingereza Speke aliposimama karibu na Mwanza akayaona maji. Lakini ng'ambo ya magharibi, huko Katuruka katika Buhaya, wazee walimwonyesha mwanaakiolojia Peter Schmidt mti mkongwe uitwao Kaiija, wakamhadithia jinsi Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe alivyotaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Naye alipochimba alikuta athari za wahunzi waliofua chuma hapo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kumbukumbu ya kinywa ndiyo iliyoliongoza jembe. Katika miaka ya 1970 wazee wa Kihaya, ambao waliifanya kazi ya kuyeyusha chuma ujanani, walijenga tena tanuri, wakapanga mirija ya udongo ndani yake, wakavukuta mivuba hata chuma kikapatikana, wajukuu wao wakitazama.

Siku hizi majabali ya Mwanza huwashiwa moto yapasuke, yakapondwa kokoto. Siwalaumu wapondao, kwa kuwa wana watoto wa kulisha. Wala sheria ya mambo ya kale, iliyopo tangu 1964, haiwezi kumweka mlinzi chini ya kila jiwe. Natamani tu kwamba kabla moto haujawashwa, mtu mmoja ainame, aingie chini ya jabali, autazame ukuta.