Neno la Wiki: Deni la Muda Mrefu

Neno "deni" lilitujia kutoka Kiarabu, kwenye mzizi uleule uliozaa "dini". Yote mawili yanamfunga mtu kwa wajibu. Sokoni Nakivale, Uganda, deni ni mstari kwenye daftari la muuza unga: lichukuliwe leo, lilipwe Jumamosi. Kwenye hesabu za kampuni, "muda mrefu" una kipimo chake: ni deni linalolipwa baada ya miezi 12.

Twende Kikagate, kando ya mto Kagera, ambako bati limechimbwa tangu enzi za Waingereza. Tuseme kampuni ndogo imekopa shilingi milioni 500 za pampu na mashine ya kusaga mawe, ilipe milioni 100 kila mwaka kwa miaka 5, mbali na riba. Milioni 400 tu ndizo zitaandikwa deni la muda mrefu. Milioni 100 za mwaka huu huhamia kwenye madeni ya muda mfupi, na hizo ndizo huziangusha kampuni, kwa sababu zinataka fedha taslimu sasa.

Tena mgodi si shamba. Jiwe lililotoka halichipui, na bei ya bati hufuata soko la London. Kwa hiyo deni lazima liishe kabla ya mawe kuisha. "Mrefu" isitulaze usingizi: kukopa harusi, kulipa matanga.